Mstaafu, gari namba D: bima kubwa bado ina maana? Na hivi vinyongeza wanavyotubandika?

#1 Mzee wa Kibamba

Wakuu, heshima kwenu.

Nina miaka 67, nimestaafu. Kikokotoo cha pensheni tusikiguse, uzi utahamishiwa jukwaa la siasa. Nina Rav4, ile mnayoiita Miss TZ, namba D (herufi za usajili zinaanza na D). Nilipoinunua ilithaminiwa milioni 22, na tangu hapo wakala ananikatia bima kubwa, ile inayolipa hadi gari langu mwenyewe, kwa thamani ileile. Wakati wa mshahara ilikuwa inauma siku mbili halafu inapita. Sasa inatoka kwenye pensheni, na maumivu hayapiti.

Mwaka huu kaniletea 908,600, ambayo ni asilimia 3.5 ya milioni 22 na VAT yake. Chini ya hapo kaorodhesha vinyongeza: kioo cha mbele, gharama za kuvutwa, gari mbadala, ajali binafsi ya dereva na abiria, ghasia za kisiasa. Jumla inavuka milioni moja. Gari lenyewe linanipeleka hospitali, kanisani na shambani Kiwangwa. Desemba tunapanda Moshi.

Mwanangu anasema, "Baba shuka bima ndogo, ile ya lazima tu, 118,000 umemaliza." Jirani anasema nikifanya hivyo nimekwisha. Naomba kujua kwanza kama umri wangu ndio unaopandisha hiyo bei, pili katika hivyo vinyongeza kipi cha kubeba na kipi cha kuacha.

Nawasilisha.

#2 Mpanda Mwendokasi

Mzee uza hilo gari. Kibamba hadi Kimara bodaboda, Kimara unadaka mwendokasi. Bima zero.

#3 Mzee wa Kibamba

Mjukuu wangu, umewahi kumpandisha bibi yako mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi, magoti yanamuuma?

#4 Mpanda Mwendokasi

😂😂 Shikamoo mzee, nimekaa chini.

#5 Wakala Mkimya

Shikamoo mzee. Mimi ni wakala wa bima, siuzi kitu hapa na wala PM zenu sijibu.

La umri: hapa kwetu bei ya bima kubwa ya gari binafsi inafuata thamani ya gari. Mwenye miaka 35 na mwenye miaka 67, gari moja thamani moja, wanaanzia asilimia ileile. Kinachokuumiza ni hiyo milioni 22.

Soma mkataba wako sehemu ya gari kuharibika kabisa au kuibiwa. Kawaida imeandikwa kwamba kampuni italipa thamani ya soko ya siku ya tukio au kiasi kilichokatiwa bima, kipi ni kidogo. Hayo maneno matatu ya mwisho yasome taratibu. Rav4 ya umri huo, tuseme sokoni leo ni milioni 13. Ikiibiwa kesho utalipwa kwa hesabu ya milioni 13, ukishakatwa eksesi, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Ile milioni 9 ya juu unailipia bure.

Piga hesabu upya kwa milioni 13. Asilimia 3.5 ni 455,000. VAT ya asilimia 18 ni 81,900. Jumla 536,900. Tofauti na ulicholetewa ni 371,700, na hujagusa kinyongeza hata kimoja. Watu wanakesha wanabembeleza punguzo la elfu thelathini wakati laki tatu na nusu imekaa kwenye thamani iliyoandikwa zamani.

Kwa nini wakala wako hakukuambia? Kamisheni yake ni asilimia ya unacholipa. Simsemi vibaya, nasema hesabu ilivyo.

#6 Chapombe Mstaarabu

Kwa hiyo aandike milioni 8 alipe kidogo zaidi. Simple.

#7 Wakala Mkimya

Hapo ndipo wengi wanapoingia mtaroni. Ukishusha chini ya thamani halisi, mkataba una kipengele cha kugawana hasara. Gari ni milioni 13, umeandika 8. Umepata ajali, matengenezo ni milioni 4. Kampuni inasema umekatia bima sehemu 8 kati ya 13, basi tunalipa sehemu 8 kati ya 13 za hiyo hasara. Unapata kama milioni 2 na laki 4 na nusu, halafu eksesi bado haijatoka. Kwenye ada uliokoa laki mbili na ushee, kwenye ajali moja umepoteza zaidi ya milioni moja na nusu.

Andika ya soko. Isizidi, isipungue.

#8 Fundi Bodi Ilala

Nakazia hapo. Mzee, usimwachie mtu mmoja akupangie thamani. Ingia mitandaoni wanakouza magari, tafuta Rav4 ya mwaka wako, transmisheni yako, namba D kama yako, angalia bei za matangazo kadhaa kisha ushushe kidogo maana bei ya tangazo siyo bei ya kuuzia. Piga picha gari lako pande zote, ndani, dashibodi na maili zake. Picha hizo zitumie kwenye baruapepe ya kampuni kabla ya kulipa. Siku ya kesi, mthamini wao akianza kusema bodi ilikuwa imeoza, una ushahidi wa tarehe.

Na kama lina redio ya skrini kubwa, rimu za kununua au kamera, vitaje kwenye fomu na bei zake. Vitu vya kuongeza visivyotajwa haviko kwenye bima. Naona kila mwaka mtu analia kuhusu redio.

#9 Mama Tegeta

Hapo kwa vioo vya pembeni je? Mimi nimeshaibiwa Kariakoo mchana kweupe, nikaenda Gerezani nikaoneshwa vyangu, nikavinunua.

#10 Fundi Bodi Ilala

Dada pole, ila umechekesha. Wizi wa kifaa kimoja kimoja mara nyingi upo ndani ya bima kubwa, shida ni eksesi. Tuseme mkataba wako unasema mwenye gari anabeba asilimia 10 ya hasara, isipungue laki mbili na nusu. Vioo viwili vya mtumba havifiki huko. Utaenda polisi, utajaza fomu, utasubiri mthamini, mwisho hulipwi kitu na punguzo lako la kutodai (la bei, kwa kukaa bila kudai) limeondoka.

#11 Wakala Mkimya

Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kinyongeza chochote ni: eksesi ni kiasi gani? Kampuni mbili zinaweza kukupa bei sawa kabisa, moja ina eksesi mara mbili ya nyingine. Uliza asilimia, uliza kiwango cha chini, uliza eksesi ya wizi maana huwa ni tofauti na ya ajali, na uliza kama gari lisipokuwa na kifaa cha kulifuatilia eksesi ya wizi inapanda.

Sasa vinyongeza, kwa mtu wa hali ya mzee.

Kioo cha mbele, chukua. Safari ya Moshi nyuma ya malori, jiwe moja tu. Faida yake ni kwamba kwenye mikataba mingi dai la kioo halichomi punguzo la kutodai, na huwa halipitii eksesi kubwa. Angalia kikomo kilichoandikwa kinatosha bei ya kioo cha gari lako.

Gharama za kuvutwa: mara nyingi kuna kiasi fulani tayari ndani ya bima kubwa. Soma kwanza kabla ya kulipia tena. Kikomo kikiwa kidogo na wewe unasafiri hadi Moshi, omba kiongezwe. Winchi kutoka Mombo hadi Dar siyo mchezo.

Gari mbadala, acha. Hicho ni cha mtu ambaye gari likikaa gereji wiki mbili anafukuzwa kazi.

Ajali binafsi, hapa ndipo umri wako unapoingia. Soma ukomo wa umri. Fao hili mara nyingi lina mpaka wa juu, na ukishaupita unaweza kuendelea kulipia fao lisilokuhusu. Waulize kwa maandishi: mimi nina miaka 67, mke wangu ana miaka kadhaa, tumo au hatumo? Jibu lije kwa maandishi pia.

#12 Binti wa Mwalimu

Na kama ana kadi ya bima ya afya ya taifa, NHIF, ya wastaafu inayofanya kazi, yeye na mama, sehemu ya matibabu asiilipie mara mbili. Fao la kifo na ulemavu ni jambo jingine, hilo NHIF hailipi.

Nina swali langu, naomba mzee aniwie radhi kwa kudandia uzi. Baba ana miaka 74, ana kisukari, na mwaka juzi alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hospitali ya CCBRT. Anaendesha vizuri tu, mchana. Fomu ya bima inauliza kama dereva ana tatizo la macho, masikio au ugonjwa wowote. Wakala wetu alisema "weka hapana, hawafuatilii". Mimi moyo haujatulia.

#13 Wakala Mkimya

Moyo wako uko sahihi. Hawafuatilii siku ya kupokea pesa. Siku ya kulipa wanafuatilia mpaka kadi ya kliniki. Mkataba wa bima unasimama juu ya uaminifu wa hali ya juu, na ukificha jambo ambalo lingewafanya wafikirie mara mbili, unawapa sababu ya kukataa dai lote, hata kama ajali yenyewe bodaboda ndiye aliyemwingilia.

Andika ndiyo. Andika alifanyiwa upasuaji lini, ambatanisha barua ya daktari wa macho inayosema anaona vizuri kwa kuendesha. Mara nyingi wanapokea bila kuongeza hata shilingi. Wakiongeza, unatafuta kampuni nyingine. Na leseni ya baba iwe hai. Leseni iliyokwisha muda ni sababu rahisi kuliko zote ya kunyimwa, na wazee wengi wanasahau maana hawaendeshi kila siku wala trafiki hawawasimamishi.

#14 Binti wa Mwalimu

Asante sana kaka. Leseni nimekimbia kuiangalia saa hii, ina miezi minne.

#15 Mswahili wa Leicester

Salamu kutoka Uingereza. Someni muone mlivyo na nafuu ya umri huko nyumbani.

Huku umri ndio unapiga. Kijana wa miaka 18 anachinjwa, katikati unapata nafuu, ukivuka 70 bei inaanza kupanda tena hata kama hujawahi kugonga paka. Leseni inaisha unapotimiza miaka 70, halafu unaihuisha kila baada ya miaka mitatu. Kuihuisha ni bure, ila unatangaza mwenyewe hali ya afya na macho yako, na kisheria lazima uweze kusoma namba ya gari kutoka mita 20.

Baba mkwe wangu ni Mpemba, ana miaka 76. Kila mwaka tunakaa naye mezani na kulinganisha kampuni kama wiki tatu hivi kabla ya bima kuisha. Vinyongeza vyao: gari la dharura, wakili, funguo zilizopotea, kulinda punguzo la kutodai. Wakili na funguo huwa tunaviondoa, cha kulinda punguzo tunakibakiza kwa sababu amelijenga miaka mingi. Na tunaandika maili za kweli, anaendesha kidogo sana.

Zamani kampuni za huku zilikuwa zinampandishia mteja mwaminifu kila mwaka, wazee ndio walioumia zaidi kwa sababu hawahami. Kuanzia Januari 2022 mdhibiti, FCA, alipiga marufuku: mteja wa zamani asitozwe zaidi ya ambavyo mteja mpya wa aina yake angetozwa kwa njia ileile. Hata hivyo bado tunalinganisha. Mzee wa Kibamba, usikae na wakala mmoja kwa heshima tu.

#16 Mzee wa Kibamba

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Bado sijaelewa hoja ya mwanangu imekosea wapi. Kwa nini nisikate bima ndogo tu?

#17 Wakala Mkimya

Hajakosea, ameharakisha. Bima ndogo ndiyo ya lazima kisheria, na inamlipa mtu wa nje uliyemuumiza au kumwua, na mali yake hadi kikomo cha mkataba. Gari lako halimo. Wewe mwenyewe humo.

Kwa hiyo usijiulize kama gari ni zee. Jiulize: likiteketea leo, pensheni yangu inaweza kununua jingine? Kama kuna akiba mahali na gari likiondoka utaishi, bima ndogo ni uamuzi halali na mimi nimewakatia wastaafu wengi. Kama hilo gari ndilo mtaji wa mwisho na ndilo linalompeleka mama kliniki, laki tano na ushee kwa mwaka siyo ghali.

Katikati yake kuna ya mtu wa tatu (huyo mtu wa nje) pamoja na moto na wizi. Inafaa gari linalokaa sana getini. Ajali ya kujigonga hailipi, ila likiibiwa au kuungua inalipa. Siyo kila wakala ataitaja, kwa hiyo iulizie mwenyewe.

#18 Njoroge wa Nakuru

Kutoka Kenya, kuhusu ghasia za kisiasa. Huku kwetu hiyo ni nyongeza ya kujitegemea, unailipia sehemu ndogo ya asilimia moja ya thamani ya gari. Baada ya maandamano ya Juni 2024 Nairobi, watu walikuja kugundua kwamba bima kubwa bila hiyo nyongeza haigusi gari lililochomwa na waandamanaji. Mimi naichukua, ni pesa kidogo. Pia tuna ile ya kufuta eksesi: unalipa kidogo, siku ya ajali hukatwi chochote. Kwa mzee ambaye hana laki za ghafla naona inafaa kuliko gari mbadala.

Mzee kama hupiti mjini siku za vurugu na gari linalala ndani ya geti, ya ghasia ni uamuzi wako. Mafuriko je, huko Dar iko ndani au nje?

#19 Wakala Mkimya

Mafuriko, kila kampuni na maandishi yake. Mtu anayepita Jangwani msimu wa masika asikubali jibu la mdomo. Tafuta neno mafuriko kwenye mkataba, liko upande wa yanayolipwa au upande wa yasiyolipwa. Na hata pale yanapolipwa, ukiona maji yamefika mlangoni ukawasha injini kwa makusudi, utabishana nao.

Njoroge umenikumbusha: mzee akitaka kuvuka Namanga akamwone mtu Nairobi, kuna Kadi ya Njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania imo kwenye mpango huo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi inalipa madai ya watu wa nje katika nchi utakazoingia. Matengenezo ya gari lako huko hayamo, unaomba kampuni yako ipanue eneo la bima kubwa. Ikatie siku za safari tu.

#20 Mzee wa Kibamba

Kuna jambo jingine sikulisema. Kuna kijana wa mtaani, mtulivu, anaomba nimpe gari siku za katikati ya wiki afanye teksi za mtandaoni, aniletee hesabu kila Jumamosi. Hesabu hiyo ingelipa bima yote. Mnaonaje?

#21 Fundi Bodi Ilala

Mzeeeee! 🙆

#22 Wakala Mkimya

Mzee, hapa naomba tusimame.

Bima yako imeandikwa matumizi binafsi. Abiria akishalipa nauli, hayo ni matumizi ya biashara. Kijana akigonga akiwa na abiria wa kulipa, kampuni ina haki ya kusema gari lilikuwa nje ya matumizi yaliyokubaliwa, na gari lako halitengenezwi. Wanagundua vipi? Abiria ataandika maelezo polisi. Simu ya dereva ina safari za siku hiyo. Mthamini wa hasara anauliza maswali ya kawaida tu, "mlikuwa mnatoka wapi mkielekea wapi", na watatu ndani ya gari wanatoa majibu matatu.

Ukiamua kufanya biashara, badilisha bima iwe ya gari la abiria wa kulipa, bei yake ni juu zaidi, na vibali vya gari na daraja la leseni ya dereva vifuate. Ukishaweka hayo yote, hesabu ya Jumamosi inaweza kuwa ndogo kuliko ulivyodhani. Ikaguliwe kwenye karatasi kabla ya funguo kutoka mfukoni.

Hata akiendesha bila biashara, angalia umri wake. Mikataba mingi ina eksesi ya ziada kwa dereva kijana au mwenye leseni changa. Hilo linawahusu wajukuu pia. Babu analipa ada ya babu, mjukuu anaingia barabarani na eksesi ya mjukuu.

#23 Mama Tegeta

Kaka yangu alimpa kijana mtulivu Noah yake. Gari lilirudi, utulivu haukurudi.

#24 Mzee wa Kibamba

Nimeelewa. Kijana nitamjibu kwa upole.

Mrejesho kwa mliokuwa mnasubiri. Nimekwenda kwa kampuni mbili na broka mmoja. Matangazo niliyochapisha yalikuwa na Rav4 za mwaka wangu, tukakubaliana milioni 13. Bei ya msingi ikaja 536,900 kama ilivyosemwa hapa. Kampuni ya kwanza walikuwa na eksesi ya chini kubwa, nikawaacha. Ya pili wamekubali punguzo la kutodai nikileta barua kutoka kampuni ya zamani. Kioo cha mbele nimechukua, kuvutwa tumeongeza kikomo, gari mbadala nimelifuta. Ajali binafsi walipekua wakakuta mke wangu yumo na mimi naondoka baada ya miaka mitatu, nimeichukua kwa sasa. Ghasia nimeacha.

Barua ya kutodai wakala wa zamani ananizungusha. Kila siku "mzee njoo kesho".

#25 Wakala Mkimya

Usimfuate wakala. Andikia kampuni yenyewe moja kwa moja, baruapepe, taja namba ya gari na namba za stika za miaka iliyopita. Wape muda unaoeleweka. Wakikaa kimya, nakala peleka TIRA, mamlaka inayosimamia bima, dawati la malalamiko. Ikija kuwa mgogoro wa dai siku za mbele, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, huhitaji wakili kwenda pale.

Ukishalipa, ingia mfumo wa TIRA MIS uweke namba ya gari, uone bima yako imo, tarehe ni sahihi, na imeandikwa bima kubwa. Kuna watu wamelipia kubwa mfumo unasoma ndogo. Fanya hivyo ukiwa bado ofisini kwao.

#26 Mama Tegeta

Swali la mwisho kabla uzi haujalala. Nikiuza gari katikati ya mwaka, bima inaenda na gari?

#27 Wakala Mkimya

Haiendi yenyewe, dada. Mkataba ni kati yako na kampuni. Siku unayouza, waandikie. Ama wakubali kuihamishia kwa mnunuzi, ama uifute na kuomba marejesho ya miezi iliyobaki. Marejesho hayawi sawasawa na miezi, wanakata gharama zao, na kama ulishadai mwaka huo usitegemee kitu. Ukinunua gari jingine hapohapo, omba waihamishie kwenye gari jipya, ulipie tofauti tu. Na uyamalize hayo kabla hujakabidhi funguo.

#28 Mama Tegeta

Nimeshakabidhi jana 😩 Nampigia sasa hivi.